Maiti kwenye Sepetu

Saa mbili usiku, jua bado liko juu ya misonobari:
ndivyo Juni ilivyo huku Saaremaa.
Endel akaja kwa buti za mpira, kifua mbele,
sepetu kainyoosha kama abebaye sinia la harusi.
"Kipiri," akasema. "Kwenye rundo lako la samadi.
Nimemmaliza."

Juu ya sepetu, maiti:
tumbo limeelekea mbinguni, madoa meusi kwa meupe
kama ubao wa drafti ulioachwa mvuani,
kinywa wazi, ulimi unaning'inia,
tone la damu kwenye ufizi.
Na uvundo, jamani! Samaki na vitunguu saumu
vilivyosahauliwa ndani ya gari.

Ulimpiga wapi? nikamuuliza.
Akakohoa.
"Niliinua sepetu tu. Akafa mwenyewe."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Endel hajaumwa hata na nyuki.
Babake aliua, na sepetu ni ileile,
mpini tu ndio mpya.

Nikainama. Nyuma ya kichwa, pande mbili,
alama za manjano kama maganda ya limau.
Mboni ya duara, kama yako, Endel, kama yangu.
Huyu hana sumu hata ya kumlevya panzi.
Hula vyura, huwameza wangali hai,
jambo ambalo chura haliiti upole.
Amekuja kutaga. Samadi huchemka ndani kwa ndani
kama uji uliofunikwa;
humo huacha mayai yake yamegandana,
laini kama ngozi ya glavu,
kisha huyo, kaenda zake ziwani.
Kulea? Samadi ndiyo yaya.

Kipiri ni mwingine kabisa, nikaendelea
(nikianza sinyamazi, mama alinirithisha daftari na mdomo).
Kipiri hatagi. Wanawe huwabeba tumboni,
kutwa kajianika juani, mara nyingi hata kula hali,
akiwaivisha.
Agosti huwazaa, wembamba kama penseli,
sumu yao tayari mdomoni.
Panya humgonga mara moja, akamwacha akimbie,
kisha humfuata taratibu kwa ulimi
kama mdai anayejua nyumba ya mdaiwa.

Na theluji ikija, Endel,
mwenye sumu na asiye nayo
hushuka shimo moja chini ya ukuta huo ulioegemea.
Miezi mitano, blanketi moja.
Hawaulizani kabila.

Hapo maiti ikarudisha ulimi ndani.

Sepetu ikayumba. Marehemu akajipindua,
akamiminika, akapita juu ya buti la kushoto,
akazama kwenye upupu, majani yakatikisika
hadi mtaroni, basi.
Endel akaruka kinyumenyume, akaketi ukutani kwa kishindo.

Usisogeze mkono, nikamwambia.

Shubiri moja kutoka kidole chake kidogo,
juu ya jiwe lililobaki na joto la mchana,
alikuwepo mwenyewe. Amejiviringa.
Mgongoni ule mstari wa kwenda na kurudi
kama mshono wa cherehani iliyolewa.
Jicho jekundu, mboni imesimama wima.
Yeye hakufa, hakunuka, hakujitetea kwa neno.
Alikuwepo tangu tuanze kubishana,
alikuwepo tangu Mei: jiwe la saba kutoka langoni,
daftari linamjua.

Endel akavuta mkono
polepole, kidole kwa kidole.
Kipiri akatoa ulimi, akamwonja hewani,
akaona si panya.
Akaingia katikati ya mawe
bila haraka, kama mjamzito yeyote.

Usiku ule niliandika: *Mmoja alikufa, akaondoka.
Wa jiwe la saba, yupo.*

Sepetu bado iko kwangu.
Endel amepita barabarani mara tatu, hajaiulizia.
Nzuri sana kwa kuongezea samadi.